Khabarovsk Haikushindwa na Bahari

Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Vladimir Putin wa Urusi alitia saini amri ya kuyahamisha makao makuu ya Kanda ya Shirikisho ya Mashariki ya Mbali, eneo la kiutawala linalokusanya mikoa ya mashariki mwa nchi hiyo, kutoka Khabarovsk kwenda Vladivostok. Tangu hapo maelezo yamekuwa mepesi mno: mji wa bandari umeubwaga mji wa mtoni, na aliyebwagwa hana cha kudai.

Hoja za Vladivostok zina uzito. Mji huo unaelekea Japani na Rasi ya Korea, ndiko inakoishia reli ya Siberia, kilomita 9,288 kutoka Moscow, na tangu 2015 una hadhi ya bandari huru, yaani yenye nafuu za kodi na forodha. Mwaka huohuo lilianza Jukwaa la Uchumi la Mashariki kwenye Kisiwa cha Russky, ambacho kiliunganishwa na mji kwa daraja lililojengwa kwa ajili ya mkutano wa 2012 wa APEC, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Asia na Pasifiki. Serikali inayotaka kuwavuta wawekezaji wa Asia ina haki ya kuweka ofisi mahali wanaposhukia.

Hata hivyo, kuiongoza kanda si kupokea wageni peke yake. Khabarovsk, iliyoanza mwaka 1858 kama kituo cha kijeshi ukingoni mwa mto Amur, karibu na mahali mto huo unapopokea maji ya mto Ussuri, haikupewa uongozi wa kanda kwa kubahatisha mwaka 2000. Gavana Mkuu wa Priamur, eneo la utawala la enzi za wafalme wa Urusi, alikuwa na makao yake hapo tangu 1884, na Wasovieti nao, walipounda Jimbo la Mashariki ya Mbali mwaka 1926, wakauchagua mji huohuo. Wote walifuata njia za usafiri: mto wenyewe, na baadaye reli inayovuka Amur kwa daraja lililofunguliwa 1916. Daraja hilo limechorwa kwenye noti ya rubo 5,000 iliyotolewa 2006, na upande wa pili imo sanamu ya Muravyov-Amursky, gavana wa karne ya 19 wa Siberia ya Mashariki, inayotazama mto. Daraja la Russky nalo lilipata noti yake mwaka 2017, ila ni ya rubo 2,000.

Kinachonitatiza zaidi ni kalenda. Tarehe 3 Novemba 2018 mikoa ya Buryatia na Zabaikalye iliingizwa katika kanda hiyo, ikarefuka upande wa magharibi hadi Ziwa Baikal. Kutoka Ulan-Ude, mji mkuu wa Buryatia, hadi Vladivostok ni zaidi ya kilomita 3,600 kwa reli, na msafiri akifika Khabarovsk bado amebakiwa na takribani 770. Siku 40 tu baada ya kanda kupanuliwa magharibi, makao yake yakasogezwa kwenye ncha ya kusini-mashariki. Kama kigezo kingekuwa urahisi wa kuwafikia wananchi, hatua hizo mbili zisingefuatana.

Tena, amri ilitoka siku tatu kabla ya uchaguzi wa gavana wa Primorye, mkoa ambao Vladivostok ni mji mkuu wake. Uchaguzi huo ulikuwa ukirudiwa baada ya matokeo ya Septemba kufutwa kwa madai ya udanganyifu, na aliyeomba makao yahamishwe ni kaimu gavana Oleg Kozhemyako, mgombea mwenyewe, ambaye alishinda. Khabarovsk, kwa upande wake, ilikuwa imemchagua Sergei Furgal wa upinzani mwezi Septemba kwa karibu asilimia 70 ya kura, ikamwondoa gavana aliyeungwa mkono na Kremlin. Serikali haijasema kwamba mji uliadhibiwa, nami siwezi kulithibitisha hilo; lakini mwenyeji anayezisoma tarehe hizi na kuona adhabu hawezi kuitwa mzushi, hasa baada ya Furgal kukamatwa Julai 2020 kwa tuhuma za mauaji, alizozikana, na maelfu ya watu kuandamana mjini humo wiki baada ya wiki.

Kwa idadi ya watu hapakuwa na pengo la kuhalalisha uhamisho: sensa ya 2021 iliikuta Khabarovsk na watu wapatao 617,000, Vladivostok 603,000. Na makao ya Reli ya Mashariki ya Mbali pamoja na ya Wilaya ya Kijeshi ya Mashariki, taasisi ambazo kazi yake ya kila siku ni kuyafikia maeneo mengi ya kanda hiyo, yamebaki Khabarovsk.