Nilivyompa Shangazi Tetekuwanga

Shangazi yangu amefundisha hisabati miaka 35. Alipostaafu ukoo ukakaa kikao, kila mtu akabebeshwa mzigo wake, na mimi ninayeshinda kwenye kompyuta nikapewa bango. "Weka picha yake, iwe kubwa, tuibandike mlangoni watu wakiingia wamwone." Kazi ya dakika kumi. Mtu mwenye akili timamu angechukua picha, akaandika jina chini, akaenda zake kulala.

Mimi nikataka sanaa.

Picha za vitone mnazijua. Kwa karibu ni nukta nyeusi tupu, nene penye kivuli na ndogondogo penye mwanga. Ukisogea mbali, jicho linazichanganya lenyewe na uso unatokea. Ni ujanja wa wachapaji wa tangu karne ya 19, maana mashine haina wino wa kijivu. Ina wino mweusi au haina kitu, basi. Kijivu chote ulichowahi kukiona gazetini ni vitone vinakutania. Miaka ya 1960 Roy Lichtenstein akavikuza makusudi kwenye michoro yake, watu wakafurahi, leo vimetundikwa kwenye majumba ya makumbusho. Nikajisemea, kama vimefika makumbusho, mlangoni kwa Shangazi vitashindwaje?

Picha niliyopewa ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za ndugu wote kabla ya kunifikia, kwa hiyo ilikuwa imekonda: pikseli 600 kwa upana, yaani vile viraba vidogo vinavyounda picha. Ishikeni hiyo namba, itatusumbua mbele.

Nikaifungua kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, nikaita ile filta ya vitone. Ikaniuliza nusukipenyo cha kitone kikubwa kuliko vyote, chochote kuanzia 4 hadi 127, halafu ikanionyesha visanduku vinne vya pembe, yaani safu za vitone zilale kwa nyuzi ngapi, vilivyokwisha kujazwa: 108, 162, 90, 45. Nikaviacha hivyohivyo, nikabonyeza. Shangazi akatokea na madoa ya kila rangi, kama mtu aliyelalia shanga. Kumbe picha ya rangi ina chaneli kadhaa, yaani tabaka moja kwa kila rangi, na kila chaneli inapata vitone vyake na pembe yake. Nikarudi nyuma, nikaigeuza kwanza iwe ya kijivu, ibaki na chaneli moja, na kwenye kisanduku cha kwanza nikaandika 45. Hapo nilijisikia mtaalamu. Wachapaji wenyewe rangi nyeusi huipa nyuzi 45, kwa sababu jicho huwahi kuona mistari iliyosimama au iliyolala. Ya mshazari linaipita bila salamu.

Nusukipenyo nikajaribu 4, vitone vikawa vumbi. Nikaweka 8. Ah! Shangazi alitulia. Shavu lina mviringo, miwani inang'aa, hata lile jicho lake la "nani anaongea huko nyuma" limo.

Ila kulikuwa na mawimbi. Michirizi ya ajabu ilikuwa inapita kwenye paji la uso, nikisogeza picha inahama, nikiipunguza inageuka miraba. Nilipoteza saa nzima na ushee nikipambana nayo: nabadili pembe, natia ukungu, nautoa, nazima kompyuta, nawasha. Rafiki yangu mmoja niliyempigia simu usiku huo akaniuliza swali moja tu: "Unaiangalia kwa asilimia ngapi?" Nikatazama pembeni. Asilimia 33. "Iweke 100." Nikaiweka. Mawimbi yakatoweka, hayakuwahi kuwepo. Ni vitone vya picha vilivyokuwa vinagombana na nukta za skrini. Nilimshukuru kwa ufupi, kama mtu anayeshukuru huku ameona aibu.

Ninachojilaumu ni kwamba usiku ule niliogopa kila kitu isipokuwa kilichokuja kuniua. Mawimbi niliyaogopa. Pembe niliiogopa. Kuna kitu nilisoma kuhusu wino kutanuka kwenye karatasi na vitone kunenepa, hicho nacho nikakiogopa vizuri tu. Mwishowe nikaogopa kingo za vitone kuchakaa nikilikuza bango, nikaipeleka picha nzima kwenye programu ya vekta, ile inayochora kwa maumbo badala ya pikseli, ikavichora vitone upya kimoja kimoja huku feni ya kompyuta ikivuma kama inataka kupaa. Vekta, kama mjuavyo, unaivuta mpaka iwe kubwa kama nyumba na haipotezi ubora hata kidogo.

Na haikupoteza. Nikaivuta hadi sentimita 60 kwa upana, nikaipeleka kwa mchapaji.

Mchapaji alilifungua faili, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Ndugu, hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Hivi hivi?"

"Ni mtindo," nikamwambia, kwa ile sauti ya kumhurumia asiyejua sanaa. Hakuniuliza tena. Akalichapa, akaliviringisha, akanikabidhi bila kunitazama usoni.

Siku yenyewe bango likabandikwa mlangoni. Sikulikunjua mimi, walilikunjua vijana nikiwa nahangaika na viti, kwa hiyo nilifika watu wakiwa wameshaanza kuingia. Na mlango wenyewe ulikuwa mwishoni mwa ujia mwembamba. Ukitaka kulitazama bango unalitazama kwa umbali wa mkono. Kwa umbali wa mkono hapakuwa na Shangazi. Palikuwa na madoa meusi, mengine mapana kama kitufe cha koti, yamesambaa kwenye karatasi nyeupe. Mboni ya kushoto ilikuwa imeangukiwa na kitone kimoja kizima, ya kulia imegawana vinne, basi ukimwona anakukodolea huku na kusinzia huku. Mdomo haukuwepo. Palikuwa na vitone viwili vitatu vinavyoelekea kuwa mdomo.

Mjukuu wake mmoja, kama wa miaka mitano, akasimama, akanyoosha kidole.

"Mbona bibi ana tetekuwanga?"

Mama yake akamfinya. Mtoto, kwa kuwa ni mtoto, akarudia kwa sauti zaidi.

Nikajaribu kuokoa jahazi. "Rudini nyuma kidogo, mtamwona." Wa mbele wakarudi nyuma, wakawakanyaga wa nyuma yao, nao wakawakanyaga wao. "Rudini tena." Ujia mzima ukatembea kinyumenyume. Mzee mmoja akafika hadi uani, akakunja macho, akapaza sauti: "Eeeh! Kumbe ni mwalimu!" Tatizo ni kwamba kutoka alipokuwa asingeweza kuingia.

Halafu kijana mmoja akapiga picha kwa simu, na kwenye simu Shangazi akatokea kama alivyo, shavu, miwani, jicho la kukaripia. Bila shaka atatokea. Pale kwenye kioo cha simu alikuwa amerudi kwenye udogo ule ule niliompendea nilipokuwa natengeneza. Basi kila aliyeingia akawa anainua simu kwanza, anamsalimu Shangazi kwenye simu, ndipo anapita. Ndugu walio mbali waliotumiwa picha wakanimwagia sifa. Waliokuwepo wakawa wananikwepa.

Mwenyewe akafika. Nikasogea, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. Alikuwa analisoma bango kama anavyosoma daftari la mwanafunzi anayemshuku. Akavua miwani, akavaa. "Picha yenyewe ilikuwa na upana gani?"

"Pikseli 600."

"Na hili karatasi?"

"Sentimita 60, Shangazi."

"Kwa hiyo pikseli moja imekuwa nini?"

Wageni walikuwa wamenyamaza. Nina miaka 31, nina mke, lakini nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. "Milimita moja."

"Nusukipenyo cha kitone uliweka ngapi?"

"Nane."

"Kipenyo?"

"Kumi na sita."

"Milimita kumi na sita," akasema, akigeukia wageni. "Usoni kwangu."

Nikaanza kueleza kuwa nilipaswa kuikuza picha kwanza mpaka ukubwa wake wa mwisho, ndipo nitie vitone, vingebaki vidogo; kwamba magazeti huchapwa na mistari ya vitone kama 85 kwenye kila inchi; kwamba bango la kusomwa kwa karibu na bango la barabarani havilingani. Nilieleza yote hayo kwa ufasaha mkubwa, siku moja baada ya kuhitajika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu.

Akaunganisha vitone vya mdomo, kimoja baada ya kingine, mpaka bango likatabasamu. Akaongeza nyusi. Kisha chini kabisa kwenye kona akaandika, kwa mwandiko ule ule uliotisha watoto miaka 35: *4/10. Rudia.*

Watu wakaanguka kicheko. Mimi nikasubiri wapungue, nikamnong'oneza: "Shangazi, hizo nne ni za nini?"

Akafunika kalamu, akairudisha mkobani.

"Za pembe," akasema. "Nyuzi 45 ulizipata."