Ukitaka herufi kubwa, acha rezolusheni kama ilivyo

Mtu ananunua kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa 2160. Anaiwasha, anakuta herufi kama sisimizi, anaingia kwenye mipangilio na kushusha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, hadi 1920 kwa 1080. Herufi zinakua, naye anaridhika. Mimi roho inaniuma kwa niaba yake: amelipia pikseli milioni 8 na ushei, halafu anapata picha yenye milioni 2 tu.

Tabia hii tumeirithi kutoka enzi za skrini za kichogo. Zile hazikuwa na idadi moja ya pikseli iliyojengewa ndani; mwale wa elektroni ulichora mistari mingi au michache kadiri ulivyoamriwa, kwa hiyo kushusha hakukuwa na adhabu kubwa. Skrini bapa ni habari nyingine. Pikseli zake zimepangwa kiwandani na hazipungui kwa amri yako. Ukiipa picha ndogo, lazima inyoshwe ijaze nafasi.

Hapo ndipo ukungu unapoingia. Chukua skrini ya 2560 kwa 1440 uishushe hadi 1920 kwa 1080, kisha itazame kwa karibu herufi "l". Mguu wake uliokuwa na upana wa pikseli moja sasa unadai pikseli moja na theluthi. Theluthi ya pikseli haiwashwi, hivyo mashine inapaka kijivujivu pembeni kufidia. Rudia hilo kwa kila herufi ya ukurasa mzima, halafu ujiulize kwa nini macho yanachoka.

Dawa ya herufi ndogo ni ile asilimia ya ukuzaji iliyo palepale kwenye mipangilio ya Windows: 125, 150, 200. Rezolusheni inabaki kamili, herufi zinachorwa upya kwa pikseli nyingi zaidi, na kingo zinakuwa safi. Apple walielewa hili mapema. MacBook Pro ya Retina (skrini yao yenye pikseli nyingi) ya inchi 15 ya mwaka 2012 ilikuwa na pikseli 2880 kwa 1800, lakini ilipotoka kiwandani ilipanga vitu kana kwamba ni 1440 kwa 900, kila kitu kikichorwa kwa ukubwa maradufu.

Sisemi ukuzaji hauna kasoro. Kuna programu za zamani ambazo hazijui lolote kuhusu asilimia hizo. Windows huzikuza kama picha iliyokwisha kupigwa, zikatoka na ukungu uleule tuliokuwa tunaukimbia, au huziacha na vitufe visivyoshikika. Kwa programu kama hizo nashusha rezolusheni bila aibu, ila nashusha nusu kamili. Kutoka 3840 hadi 1920, kila pikseli ya picha inakaa juu ya pikseli nne za skrini na hakuna theluthi ya kugombania. Kinachoudhi ni kwamba hata hapo mashine nyingi hulainisha picha bila kuombwa. Intel na Nvidia, watengenezaji wa chipu za grafiki, waliongeza mwaka 2019 chaguo la kuzidisha pikseli kwa namba kamili, na inabidi uliwashe mwenyewe kwenye programu ya kadi ya grafiki.

Kwenye gemu sina ugomvi. Kuchora robo ya pikseli ni nafuu ya kweli kwa kadi dhaifu. Ila kama gemu lina mpangilio wake wa kupunguza pikseli za mchoro, au lina DLSS ya Nvidia au FSR ya AMD (mbinu za kuchora kwa pikseli chache kisha kuikuza picha kwa ustadi), tumia hivyo kwanza. Mandhari yatachorwa kwa pikseli chache, huku maandishi na menyu kwa kawaida vikibaki na ukali wake.

Hoja kwamba kushusha rezolusheni kunaokoa betri ndiyo inayonishinda kukubali. Nje ya gemu, sehemu kubwa ya umeme wa skrini ya LCD huliwa na taa ya nyuma, na paneli inaendesha pikseli zake zote hata ukishusha rezolusheni. Punguza mwanga, utaona tofauti haraka zaidi.

Anayeniuliza kabla ya kununua namwambia hivi: kwa inchi 14, pikseli 3840 kwa 2160 ni kama 315 kwa kila inchi, na kwa umbali wa kawaida wa kusoma mimi sioni faida yake juu ya 2560 kwa 1600, ambayo ni kama 216. Hiyo ya pili, ukiiweka asilimia 150, unaisahau.