Yangu Chakavu, Yake Imetumika Kidogo

Pikipiki ina tabia moja ya ajabu: inazeeka ikifika mlangoni kwa muuza pikipiki. Asubuhi nimetoka nayo Kihonda nyuma nimebeba trei za mayai, nimeshusha Mji Mpya, nimeshusha Mwembesongo, nimekata kona ya Msamvu bila injini kukohoa. Nafika pale, nazima, kijana mmoja ananyanyua macho kutoka kwenye simu, anaiangalia, halafu anamwambia mwenzake, "Kalete ile mizani." Mizani ya kupimia vyuma chakavu, jamani! Wakacheka. Nikacheka na mimi ili nisionekane mgeni wa mji, lakini moyoni nikajua leo nitashinda na njaa.

Nieleze kidogo. Kazi yangu ni mayai. Nachukua kwa wafugaji, nasambaza madukani na kwa wakaanga chipsi wa Morogoro hii, mji kasoro bahari. Bahari yenyewe sijawahi kuihitaji, ninachohitaji mimi ni shokapu. Pikipiki yangu, ya Kichina ile, watoto wa mtaani wanaiita Mama Kuku, na imenilishia familia bila kulalamika. Ila miguu imechoka. Ndiyo nikasema nitafute Boxer 150 mpya, nitoe Mama Kuku, niongeze hela, tuagane kwa amani. Hata bango lao nje limeandika hivyo: leta ya zamani, ongeza kidogo, ondoka na mpya. Hiyo kidogo tutaifikia.

Mwenye duka akatoka, kalamu sikioni. "Karibu sana bosi." Akaizunguka Mama Kuku, mikono nyuma, anatikisa kichwa, anaguna. Ungedhani amekuja kutambua maiti. Akapiga kiki. Ikawaka ya kwanza. Akanuna.

"Inawaka haraka sana hii."

Nikamuuliza, hilo nalo ni kosa?

"Bosi, ikiwaka haraka namna hii ujue kabureta imechezewa."

Akainama kwenye ekzosi kuangalia moshi. Moshi hakuna. Akasubiri. Na mimi nikasubiri. Fundi wangu, ambaye nilikuja naye ili anitetee na nilishamnunulia supu na chapati kwa kazi hiyo, naye akasubiri. Mwisho mwenye duka akainuka, akajipangusa magoti, akasema moshi wa hii ni ule unaojificha, hautoki mpaka upande mlima. Nikamwambia sawa, Bigwa ile pale, twende tukapande. Akasema hawezi kuacha duka.

Akahamia kwenye namba. "Bado namba B hii? Watu siku hizi hawataki kusikia namba B." Hapo nilinyamaza, maana kweli ni B, lakini mayai hayajawahi kunikataa kwa sababu ya herufi. Akaangalia dashibodi, akaona mshale wa spidi umelala. Waya ulikatika zamani, sikuona sababu ya kuweka mwingine. Spidi yangu naijua kwa idadi ya mayai yanayopasuka. Akasema kwa kuwa kilomita hazisomi, yeye atahesabu imetembea laki moja. Hivi mtu anapata wapi namba hizo?

"Laki sita," akasema. "Na hapo nimekuonea huruma."

Mimi nilikuja na milioni moja kichwani. Nikamwambia nipunguzie hasira. Akasema basi kama naona mpya ni ghali, kuna iliyotumika kidogo, njoo uione. Sasa sikilizeni maneno ya mtu yule yule, mdomo ule ule, dakika tano baadaye.

Ile yake ina mikwaruzo tangi zima: "Alama za mkao tu hizo." Yangu ilipokuwa na mkwaruzo mmoja kwenye madigadi, ilikuwa imeanguka vibaya na fremu imepinda. Yake haiwaki mpaka kiki ya tano: "Injini nzito, haijawahi kushushwa." Kiti kimepasuka kimeshonwa: "Kiti cha kwenyewe kabisa, sio cha kubandika." Ilikuwa ya nani? Ya mwalimu, tena mwalimu wa kike, alikuwa anaendea kanisani tu Jumapili. Nimeishi nchi hii miaka mingi, na kila pikipiki iliyotumika ninayoonyeshwa ilikuwa ya mwalimu wa kike. Sijui hawa walimu wanapata wapi muda wa kufundisha, kutwa wanauza pikipiki.

Dashibodi inasoma kilomita elfu tisa. Nikaangalia chini. Mpira wa kukanyagia umelika mpaka chuma kinang'aa, meno ya sproketi yamechongoka, na pedali ya breki imebaki laini bila hata mstari. Mwalimu huyo kanisa lake lilikuwa Kigoma.

Hata hivyo nikaomba kuijaribu, maana nina kipimo changu. Nilikuwa nimebaki na trei moja yenye mayai ya kupunguzia. Nikaifunga nyuma kwa mpira, nikatoka nayo barabarani mpaka kwenye yale matuta ya rasta, yale madogo madogo yaliyopangana, nikapita taratibu, nikarudi. Trei inadondosha ute. Yule bwana akaangalia njano inavyochuruzika kwenye shokapu ya mwalimu, akasema, "Mayai ya kisasa haya hayana ganda. Kuku wanakula nini siku hizi?"

Tukarudi kwenye mpya. Mpya hairuhusiwi kujaribiwa, eti ikishakanyaga lami inakuwa mtumba. Milioni tatu na laki mbili. Toa laki sita ya Mama Kuku, nibakie kuongeza milioni mbili na laki sita. Ndiyo ile kidogo ya kwenye bango.

Nikiwa naikokotoa kwenye simu, akaingia kijana na miwani yake, hana pikipiki, hana fundi, hana mayai. Akauliza Boxer 150 bei gani. "Milioni mbili na laki tisa na nusu, mkubwa, na kofia ngumu juu yangu." Boxer hiyo hiyo! Nimeiegemea mimi mwenyewe!

Nikamwita pembeni. Nikamwambia ndugu yangu, mimi darasani nilikuwa wa nyuma lakini kutoa na kujumlisha nilipata. Yule anauziwa kwa laki mbili na nusu pungufu. Kwa hiyo Mama Kuku hukuichukua kwa laki sita, umeichukua kwa laki tatu na nusu, hizo nyingine umenipa kwa mkono wa kulia ukazichukua kwa wa kushoto.

Akasema, "Kaka, usichanganye. Yule ni mtu wa keshi. Wewe ni mtu wa kubadilishana."

"Na hizi nilizofunga kwenye soksi ni majani ya mpapai?"

Mnaona lakini nilivyoshuka cheo. Nilianza bosi, nikawa kaka, na nilipomwambia nitaondoka na pikipiki yangu, akaniita "huyu mzee". Nikageuka kwa fundi wangu, nikamwambia fundi, hebu sema neno. Simuoni. Kumbe alishaitwa nyuma ya duka "kuangalia spea". Amerudi na soda ya baridi mkononi na kijiti mdomoni, ananiambia kwa sauti ya mchungaji, "Mzee, kwa hali ya hii pikipiki, mimi naona umpe tu." Supu yangu bado haijashuka tumboni mwake! Ndipo nikakumbuka kwamba tulipofika, mwenye duka alimsalimia kwa jina na kumuuliza habari za watoto.

Ikabidi nijitetee mwenyewe. Nikasema Mama Kuku ina tairi jipya nyuma. Akasema hilo tairi ndilo linalomtia wasiwasi, kwa nini nibadilishe tairi kama pikipiki ni nzuri? Nikasema cheni mpya. Akasema anayenunua cheni ujue injini inavuta vibaya. Nikasema kadi ninayo, namba ya chesisi na ya injini zinasoma, haina deni. Hapo hakuwa na jibu, akapandisha laki saba. Nikapiga simu nyumbani, kwa sauti ya juu ili asikie, nikimwambia mke wangu kwamba dili limekufa narudi. Mke wangu naye akaongea kwa sauti ya juu zaidi, na Kiluguru kikamtoka. Jamaa akashtuka.

"Shemeji! Kumbe umeoa kwetu? Wa wapi?"

"Matombo."

"Matombo! Dada yangu huyo! Sasa kwa nini hukusema?"

Nikajua nimepona. Vijana wakaambiwa wasimame waamkie, nikaletewa kiti. Nilipokaa ndipo nikaelewa kwamba shemeji wa kwetu hapunguziwi, shemeji anadaiwa. Akaanza kunikumbusha habari za mahari, ambazo yeye hakuwepo wala hazimhusu, na kwamba mtu aliyechukua binti wa watu hapaswi kugombana na ukoo kwa ajili ya vilaki viwili. Lakini sura ya ushemeji ilisaidia kidogo. Tukabishana mpaka adhana, nikaongeza milioni mbili laki tatu na nusu, na kofia ngumu mbili, moja yangu moja ya abiria.

Nikadhani tumemaliza. Akashusha kalamu sikioni, akaanza kuandika "vitu vidogo vidogo". Usajili. Kadi. Kutengeneza namba. Bima. Leseni ya barabara.

Nikamwambia rudia hapo mwisho.

"Leseni ya barabara, shemeji. Ya mwaka."

Sasa kuna mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kusahau, lakini tozo iliyofutwa haisahauliki. Ile ada ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, wakapandisha ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kila lita. Kila ninapojaza tangi ninailipa, tone kwa tone, na huyu naye anataka nimlipe yeye. Nikamuuliza hiyo leseni ataipeleka ofisi gani. Akaikata kwa mstari mmoja bila aibu, akasema, "Basi tufanye ni ya kusafishia pikipiki."

Na risiti je? Kuna bei ya risiti na bei ya bila risiti, akasema, nichague. Juu ya kichwa chake, ukutani, kuna tangazo la TRA: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nikalisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Mashine ikawa haina chaji. Tukakaa mpaka ikapata chaji.

Nikakabidhiwa pikipiki yangu mpya. Nikapiga stata, ikaunguruma vizuri, nikavaa kofia, nikaaga mashemeji, nikaenda umbali wa kutupa jiwe ikazima. Mafuta. Ndani ya tangi kulikuwa na kiasi cha kuitoa dukani tu ili ikazimie nje, isiwe kesi yao. Nikaisukuma mpaka kituo cha mafuta huku fundi wangu akinifuata nyuma na kunieleza kwamba kwa kazi aliyofanya leo angalau nimpe elfu ishirini.

Kadi ya Mama Kuku niliiacha, mkataba tukasaini, nakala ya kitambulisho wakachukua. Habari ya kuhamisha umiliki alisema nisijisumbue, ataifanya atakayeinunua. Mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa na njaa, na mwenye njaa anaamini haraka.

Juzi nimekaa zangu, nikaingiza namba ya zamani kwenye mfumo wa faini wa polisi, ili nione tu kama mtoto wangu wa kike yupo salama. Deni! Shilingi 10,000. Nashukuru serikali ilishusha ile 30,000 kwa sisi wa pikipiki mwaka 2021, la sivyo ningezimia. Kosa lenyewe: kupakia mshikaki. Mahali: Dumila, huko barabara ya Dodoma. Yaani ile pikipiki ya kupimwa kwenye mizani, yenye moshi wa kujificha na fremu iliyopinda, imefika Dumila ikiwa na watu watatu mgongoni, na jina kwenye kadi bado ni langu.

Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakata, nikapiga kwa namba ya mke wangu, akapokea.

"Shemeji! Za siku?"

Nikamweleza faini, mshikaki, Dumila, umiliki, kadi, vyote kwa pumzi moja.

"Watatu mpaka Dumila?" akasema, na sauti imejaa fahari. "Si unaona sasa? Si nilisema ile pikipiki ni nzima, inapanda popote?"

"Ulimwambia nani? Mimi uliniambia chuma chakavu!"

"Aah," akasema. "Basi nilimwambia aliyeinunua."