Nairobi Inapenda Jahazi Likishakufa

Pita kwenye maduka ya samani ya Ngong Road au Karen, au kaa kwenye mkahawa wowote wa Westlands unaojitahidi kufanana na ufuo, utaiona tu: meza nene, matobo ya misumari, rangi ya buluu iliyobanduka pembeni, na bei ya kukufanya urudishe mikono mfukoni. Muuzaji atakwambia hizo ni mbao za jahazi. Akiwa mchangamfu ataongeza kwamba jahazi lenyewe lilikuwa likienda Arabuni. Huenda ni kweli. Huenda pia kuna kijana nyuma ya duka mwenye nyundo, kopo la rangi na msasa.

Meza sina ugomvi nayo. Mbao ngumu iliyotumika baharini miaka na miaka ni afadhali iwe meza kuliko kuni. Kinachonikera ni kwamba hii ndiyo njia ambayo jiji hili limezoea kutoa pesa kwa ajili ya chombo cha mbao: kikishavunjwa. Kikiwa bado ni mkuku tu, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, juu ya mchanga, hakuna anayekiulizia. Na maamuzi mengi yanayoamua kama kitaundwa au hakitaundwa hayatoki pwani. Yanatoka hapa Nairobi, kwenye ofisi zenye zulia na ramani ukutani.

Ami yangu mmoja ni fundi wa vyombo Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kijiji ambacho ukitaja kuunda mashua na majahazi pwani nzima wanakijua. Mtu wa Nairobi akifika pale kwanza hushangaa kwamba hakuna mchoro. Mimi nadhani hilo si la kushangaza sana. Mafundi wengi wa zamani duniani walifanya kazi hivyo. La kushangaza ni miti. Mnunuzi wa mbao Gikomba hutafuta mti ulionyooka, na ukipinda anaomba apunguziwe bei. Fundi wa vyombo huzunguka mikokoni akitafuta uliopinda, na kila pindo lina mahali pake.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chombo, kutoka kwenye mkuku kupanda juu kila upande, kuna mataruma, yale yanayoshikilia mbao za ubavuni. Taruma la karibu na katikati limefunguka, la kuelekea omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, limekunjika zaidi. Ukilikata kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka, utapata umbo sawasawa kabisa, lakini nyuzi za mti zitakuwa zimekatwa njiani, na siku ya mawimbi litavunjika hapo hapo. Mti uliokua umepinda wenyewe nyuzi zake zinafuata pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkomafi ni mmoja wa mikoko inayosifiwa kwa kazi hii, maana huota kwa vigongo na viwiko, na ni mgumu. "Mti ulonyoka ni wa nyumba, mwanangu," ami aliniambia, akigeuza kipande ambacho mimi ningekitupa. "Huu ndio wa chombo." Kisha akakichonga kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, akakipeleka, akakirudisha, akatoa unyoya mwembamba mwingine, akakipeleka tena. Kazi nzima ni kupeleka na kurudisha. Mtu asiye na subira atachoka kwa kutazama tu.

Matobo nayo hutobolewa kwanza, kwa keekee zamani na sasa mara nyingi kwa mashine, ili msumari usipasue mbao. Halafu inakuja kalafati, kazi ambayo haipigwi picha kwa sababu haina uzuri wowote: pamba iliyolowekwa mafuta, inapigiliwa kwenye kila mwanya kwa patasi butu, tak tak tak kutwa nzima. Chombo kikiingia majini mbao zinafura na kuibana ile pamba. Chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa ajili ya wadudu wa baharini wanaotafuna mbao, na kazi hiyo hurudiwa kila mara maisha yote ya chombo. Kwa hiyo mwenye jahazi hamalizani na fundi siku ya kukabidhiwa. Uwanja wa vyombo unaishi kwa matengenezo kama unavyoishi kwa vyombo vipya.

Kushua chombo, yaani kukiingiza majini mara ya kwanza, ndiko watu wa huku tunakokupenda, kwa sababu kuna video. Husubiriwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa kuwa maji mafu hayafiki kilipo chombo. Hutandazwa magogo, hufungwa kamba, na kijiji huitwa. Hapo hakuna kibarua wa kulipwa kwa saa. Kuna dua, kuna nyimbo za kuvutia ili watu wavute pamoja, na kuna sufuria za wali zinazosubiri. Chombo kizito kama kile hakisogei kwa nguvu za watu kumi wenye hasira. Husogea wote wakivuta kwa pumzi moja, mkono kidogo, mkono kidogo, na mzee mmoja pembeni akikemea wanaotaka kuharakisha. Nimeona watoto wa shule wamening'inia kwenye kamba bila kusaidia lolote, na hakuna aliyewafukuza. Kesho watajua pa kushika.

Sasa turudi Nairobi.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilisemwa ni siku 90. Zilipita siku 90, ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa mwaka 2023, yeye mwenyewe aliyeitangaza akiwa naibu wa rais. Wasiwasi wa wakati ule ulikuwa wa haki: mito ilikuwa inakauka na msitu wa Mau ulikuwa unakatwa kwa pupa. Lakini mikoko ya Lamu nayo ilifungiwa humo humo, na wakataji wa kule ikabidi walie mpaka wasikilizwe. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na imeishi nayo karne nyingi. Aliyeandika amri ile alikuwa akiwaza malori ya magogo yanayoteremka kutoka mlimani, hakuwaza mzee mwenye shoka anayezunguka kutwa nzima ili apate kiwiko kimoja cha mkomafi.

Sisemi msitu uachwe wazi. Mikoko ikiisha, fundi ndiye wa kwanza kukosa kazi, na mvuvi wa pili. Ninachodai ni kibali cha chombo badala ya kibali cha shehena: fundi ajiandikishe, aseme anaunda mashua ya urefu gani, ahesabiwe mataruma yake, na mtu wa misitu aende na yeye kuchagua. Mti uliopinda hauna soko kubwa la kuutamani. Kuuhesabu si kazi ya ajabu kwa nchi inayoweza kunitoza kodi kila ninapotuma pesa kwa simu.

Mizigo nayo ilipungua kabla ya amri hiyo ya 2018. Majahazi makubwa yalikuwa yakipeleka boriti za mikoko Arabuni kwa upepo wa kusi, na Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, sababu moja kubwa ya kuyaunda ikaondoka. Siku hizi bidhaa za Lamu nyingi huja kwa lori mpaka Mokowe, kisha huvushwa. Halafu kuna faiba, yaani fiberglass. Serikali za kaunti za pwani zimekuwa zikiwagawia vikundi vya wavuvi boti za faiba zenye injini, na simlaumu mvuvi anayeipokea; ni nyepesi, haitaki shahamu, na mimi pia ningeichukua. Kinachonisumbua ni zabuni. Ikishaandikwa "faiba" kwenye ukurasa wa kwanza, fundi wa mbao hana pa kuingilia, hata kama chombo anachokijua ndicho kinachofaa maji yale, na hata kama angekiuza kwa bei ya chini. Na ikiandikwa kwa haki, bado ataombwa cheti cha kodi, hesabu zilizokaguliwa na cheti cha mafunzo. Cheti cha mafunzo, kwa mtu aliyefundisha kijiji!

Mwaka 2020 serikali ilianzisha kampuni ya Kenya Shipyards, na meli ya MV Uhuru II ikaundwa Kisumu. Nilifurahi, na ningependa ziundwe zaidi. Ila inaonyesha kwamba tunaelewa vizuri kuunda vyombo ni kiwanda na ajira, almradi ni chuma. Chombo kikiwa cha mbao tunakihamishia kwenye faili la utamaduni, pamoja na ngoma na tamasha.

Marafiki zangu wa hapa wakisikia haya husema, basi UNESCO. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha yake ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Ni heshima, na imelinda kuta nyingi, lakini orodha haijawahi kuagiza mashua. Mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari, leo utaukuta kwa mfano mdogo ndani ya jumba la makumbusho, na hakuna nahodha aliye hai anayeweza kukwambia unavyokwenda upepo ukigeuka ghafla.

Kama unatafuta ushahidi kwamba ujuzi huu haujafa, tazama Flipflopi, jahazi lililoshuliwa Lamu mwaka 2018, limeundwa kwa plastiki iliyotumika na kufunikwa kandambili za kuokotwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Wengi walisifu plastiki. Mimi nilitazama kwamba mafundi walipewa kitu ambacho hakuna babu yao aliyewahi kukichonga, wakatoa mkuku na mataruma, na likaelea. Mtu wa namna hiyo anahitaji kazi inayofuata.

Kazi inaweza kutoka hapa. Hoteli nyingi za pwani zina wakurugenzi wanaoishi Nairobi, na mashirika mengi ya utafiti wa bahari hutoa hundi Nairobi. Badala ya kununua meza sita za mbao za jahazi kwa ajili ya ukumbi, agizeni mashua moja ya kupeleka wageni, na muweke kwenye bajeti gharama ya kuikalafati kila mwaka. Jiandaeni kutoa malipo ya kwanza mapema, kwa sababu mbao hununuliwa kabla mkuku haujalazwa, na fundi hana benki inayomkopesha kwa dhamana ya tezo. Msimtake aseme tarehe kamili ya kukabidhi. Atawaambia mwezi, kisha atawaambia bamvua, na hapo mkate tiketi za kwenda kuvuta kamba.