Mediterania: meli ya kitalii au kusafiri kivyako?

Mtu akianza kupanga safari ya Bahari ya Mediterania, ushauri wa kwanza anaopewa ni meli ya kitalii. Unalipa mara moja, unafungua sanduku mara moja, chakula kipo, na kila asubuhi unaamkia mji mwingine. Kusafiri kivyako kunaonekana ni kujitafutia taabu. Naona upande huu haujatendewa haki.

Sibezi meli. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, au mama mwenye watoto watatu wadogo, kitanda kinachosafiri nawe ni rehema.

Lakini tupige hesabu ya Roma. Meli haifiki Roma. Inafunga gati Civitavecchia, kilomita kama 70 kutoka huko. Tuseme imefika saa moja asubuhi na abiria wanatakiwa wawe wamerudi saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja hizo. Toa saa moja ya kushuka na kufika stesheni, moja ya treni kwenda, moja ya kurudi, na moja ya tahadhari, maana aliyechelewa meli haimngoji. Zimebaki saba, na ndani yake kuna foleni ya Colosseum na ya Makumbusho ya Vatikani. Jioni, wenyeji wanapotoka kupunga upepo na mawe yanapoanza kupoa, wewe uko kwenye treni unaangalia saa.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni vilevile. Meli kubwa zinatia nanga, abiria wanashushwa kwa boti hadi chini ya jabali, kisha wanasubiri kupandishwa kwa kigari cha waya au wanapanda ngazi zaidi ya 500. Mwaka 2025 kisiwa kiliweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli hizi kwa siku. Hao 8,000 wanapanda na kushuka karibu saa zilezile.

Mimi nilipanda feri ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kwenda kisiwa cha Krete. Alfajiri tukashuka Souda, basi likatufikisha Chania, na pale bandari ya zamani nikamkuta pweza ameanikwa kwenye kamba kama nguo, mwenye mgahawa akifagia chini yake. Hakuna aliyeniita nirudi popote. Nilikaa siku tatu.

Kuhusu gharama, Agosti vyumba vya visiwani ni ghali, na meli inaweza kukushinda kwa bei. Ila tiketi yake siyo mwisho: kampuni nyingi zinatoza bakshishi ya kila siku, vinywaji na matembezi ya nchi kavu. Na meli ikipita Uturuki kisha ikarudi Ugiriki, viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja haikutoshi, maana Uturuki iko nje ya eneo hilo.

Mama yangu akitaka kwenda, nitamkatia meli. Nitamtafutia ile inayolala bandarini, hata usiku mmoja tu, apate kula chakula cha jioni mjini.