Flatbed Annie: filamu ya lori iliyokumbuka deni

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walishikwa na homa ya malori. Smokey and the Bandit ilijaza kumbi za sinema mwaka 1977, Convoy ikafuata 1978, na redio za CB, zile ambazo madereva wa malori huzitumia kuzungumza wakiwa barabarani, zikanunuliwa hata na watu ambao hawajawahi kushika usukani wa lori. Mwaka 1979 kituo cha CBS kikarusha filamu ya televisheni, Flatbed Annie & Sweetiepie: Lady Truckers, iliyoongozwa na Robert Greenwald. Leo ni wachache wanaoitaja.

Wanaoipuuza wana hoja. Ilitoka wakati homa imepanda, inakimbilia vichekesho pale hadithi inapohitaji kutulia, na jina lake linawanadi wanawake wawili kama kioja. Hata Billy Carter, mdogo wake Rais Jimmy Carter, amepewa nafasi humo, na sioni alichaguliwa kwa lipi zaidi ya ukoo wake.

Lakini tazama inapoanzia. Mume wa Ginny yuko hospitalini, lori bado lina deni, na anayedai hangoji mgonjwa apone. Ginny (Kim Darby) hana budi kuingia barabarani na Annie (Annie Potts), dereva mzoefu. Hapo ndipo inapozipita filamu kubwa za wakati wake. Kwenye Smokey, mzigo ni bia na safari ni ya kushindania dau. Habari ya rejesho la lori haimsumbui mtu. Mwenye lori lake anajua hali ilivyo: likilala wiki nzima bila mzigo, rejesho la mwezi halipungui hata senti, likipakia kwenda na kurudi tupu, dizeli ya kurudia inatoka mfukoni mwake. Juni mwaka huohuo wa 1979, madereva wa Marekani wenye malori yao waligoma kwa sababu ya bei na uhaba wa dizeli.

Kwangu kulikumbuka deni hilo kunatosha kuipa filamu hii heshima, ingawa vichekesho vinaipunguzia uzito. Mwaka 1984 Greenwald alimwongoza Farrah Fawcett katika The Burning Bed, kisa cha mke anayepigwa na mumewe, na huko alimwacha mwanamke aliyebanwa asimame katikati ya hadithi bila mzaha. Itazame hiyo kwanza, kisha umrudie Ginny: alistahili filamu nzito kuliko aliyopewa.