Mama Mdogo wa Sekunde 31,536,000

Mama mdogo wangu ana nyumba ya kulala wageni mjini Kigoma, karibu na mwalo wa Kibirizi, na wateja wake wengi ni watu wanaosubiri boti ya kwenda Gombe kutazama sokwe. Tovuti ya nyumba hiyo niliitengeneza mimi kwa malipo ya ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, na kwa miaka miwili hakuna aliyeilalamikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvumilia hadi ikafunguka.

Mzigo wote ulikuwa picha moja. Mama mdogo amesimama ufukweni na kitenge kipya, ameinua mgebuka juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Picha hiyo ilikuwa na pikseli, yaani nukta za picha, 4,000 kwa 3,000 na uzito wa megabaiti 7, ingawa simu ya mgeni iliionyesha kwa upana wa pikseli 400 tu. Nilikuwa nimeipunguza kwa maagizo ya ukurasa, jambo linalopunguza umbo machoni na kuuacha mzigo ulivyo. Seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, ilikuwa Ujerumani, na hapo ndipo nilipoikumbuka MV Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa na kuelea ziwani mwaka 1915. Taarifa za intaneti nazo husafiri zikiwa zimekatwa vifurushi, kila kimoja kikibeba takriban baiti 1,460, kwa hiyo megabaiti 7 ni vifurushi karibu 4,800. Kila mgeni aliyetaka kujua bei ya chumba alikuwa anaagiza Liemba yake.

Siku moja mgeni alimwambia mama mdogo kwamba alipanda treni Dar es Salaam ukurasa ukiwa unafunguka, akashuka Kigoma ukiwa bado unafunguka. Usiku ule ule nikakaa kazini. Niliushusha upana hadi pikseli 800, jambo la busara, kisha nikafika kwenye kipimo cha ubora, ambacho namba ikishuka picha hubanwa zaidi. Programu niliyoizoea zamani ilikuwa na kipimo kinachoishia 12, nami nikaandika 8 kwa moyo mweupe. Programu hii mpya ilikuwa na kipimo kinachoishia 100, ambako watu wenye akili hukaa kati ya 70 na 80. Picha ikashuka hadi kilobaiti 11. Nilipaswa kushtuka. Nikashangilia.

Kisha nikaiagiza seva iviambie vivinjari vyote, yaani programu za kufungulia tovuti, viitunze kila picha kwa sekunde 31,536,000, yaani siku 365, bila kurudi kuuliza. Agizo hilo ni zuri sana kama picha ni nzuri. Nilipoifungua tovuti kwenye simu yangu, ilitokea kabla sijanyanyua kidole, na mama mdogo aking'aa. Kumbe simu ilikuwa inanionyesha picha ya zamani iliyokuwa imejiwekea. Nikampigia mama mdogo kujisifu, naye kwa furaha akaitangaza tovuti kwa wanakikoba, kwa kwaya na kwa ukoo mzima.

Picha za JPEG hubanwa kwa kugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na zikibanwa kupita kiasi kila mraba hubaki na rangi yake moja kama kigae. Mama mdogo alikuwa sakafu ya bafu. Kitenge kilikuwa kimemezwa na ziwa, pua ilikuwa imeungana na mdomo wa mgebuka, na haikuwa rahisi kujua nani kamvua nani. Zamani aibu hiyo ingechukua dakika kadhaa kufika, na wengi wangekata tamaa njiani. Mimi nilikuwa nimemhakikishia kila mtu kuipata kwa chini ya sekunde moja. Baba mkubwa wa Ujiji aliuliza kwenye kundi la ukoo kama mama mdogo amepelekwa hospitali.

Nilitengeneza picha nyingine kwa ubora wa 75, nikaiweka mahali pa ile mbovu kwa jina lile lile. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia, ilipendeza. Kwa wote waliokwisha kuingia, vivinjari vilikuwa vimeapa kutouliza tena kwa mwaka mzima.

“Nimesharekebisha, mama.”

“Mwanangu, bado mimi ni samaki.”

Nikaanza kuzunguka Mwanga, Ujiji na mwaloni, nikiomba simu za watu ili nifute akiba ya kivinjari, yaani picha na kurasa kilizojiwekea, simu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haielezeki kwa urahisi. Nilipomwambia mweka hazina wa kikoba kwamba nimetumwa na mama mdogo kuja kufuta akiba, aliiingiza simu ndani ya kitenge, akaita majirani, na ilinibidi nieleze maana ya neno hilo mbele ya wanaume wanne, mmoja wao akiwa na kafi mkononi.

Siku ya tatu, kijana wa duka la stesheneri pale Mwanga alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza kwa adabu, “Kaka, kwa nini usiibadilishe picha jina?” Masharti ya mwaka niliyawekea picha tu, si ukurasa. Kivinjari kikikuta jina jipya hudhani ni kitu kipya, nacho hukifuata. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Nikalibadilisha palepale, nikiwa na hasira za siku tatu na vumbi la Ujiji, na jina la kwanza lililonijia ndilo nililoliandika. Picha ikatokea safi kwenye simu zote, pua kwa mwenyewe na mdomo kwa samaki. Mama mdogo aliipenda kiasi cha kuipakua aiweke WhatsApp, na simu yake, kwa utiifu, ikamwandikia jina la faili alilolipokea.

Alinipigia jioni ile, na shikamoo yangu hakuiitikia.

“Mwanangu, huyu mama-mkali-hapoi ni nani?”

Nikamjibu kwamba ni istilahi ya kompyuta. Tangu siku hiyo ugali wangu huja bila mgebuka.